Taulo za karatasi zinasambaratika zikilowa: tuongeze resini au tatizo liko kwingine?

RojoNyeupe (mleta uzi):
Wakuu habari zenu. Naomba msaada wa wenye uzoefu na utengenezaji wa karatasi. Tunatengeneza taulo za karatasi za kufutia mikono, rojo ni mchanganyiko wa nyuzinyuzi mpya na karatasi zilizokwisha kutumika. Taulo ikiwa kavu ni imara kabisa. Ikilowa tu inamung'unyika na kuacha vipande vyeupe vidoleni. Resini tunayotumia kuipa karatasi nguvu ikilowa ni PAE, ile ya poliamidi na epiklorohidrini, kilo 5 za resini kavu kwa kila tani ya nyuzinyuzi. Msimamizi anataka dozi ipande mara mbili. Mimi nahofia gharama, na nahofia pia taulo zitaacha kufyonza. Halafu kuna mteja anauliza kama zina formaldehaidi. Nianzie wapi?

Mpishi_wa_Rojo:
Karibu mkuu. Dozi iacheni hapo hapo kwanza.

Nyuzinyuzi za selulosi zinashikana kwa vifungo vya haidrojeni, na maji huvifungua kwa urahisi sana. Karatasi isiyotiwa kitu ikilowa chapachapa hubakiwa na chini ya asilimia 10 ya nguvu iliyokuwa nayo ikiwa kavu. PAE haizuii maji kuingia, ndiyo maana taulo nzuri inalowa papo hapo. Kazi yake ni kufunga vifungo vingine, resini na nyuzinyuzi, na resini kwa resini, ambavyo maji hayavifungui.

Sasa niambie, mnapima lini? PAE haimalizi kukomaa mashineni. Roli likishatoka linaendelea kukomaa stoo kwa siku kadhaa, pengine wiki mbili. Ukilipima likiwa bado lina joto litakudanganya. Fanya hivi: kata vipande viwili vya roli moja, kimoja kiweke kwenye oveni ya sentigredi 105 kwa dakika 10, kipoe, kisha vilowanishe vyote na uvute. Kilichookwa kikiwa imara zaidi, resini ipo ila haijakomaa. Vyote vikiwa legelege, resini haiko kwenye karatasi, au imeharibika kabla ya kufanya kazi.

Kijana_Viwandani:
Kwa nini msijaribu wanga? Ni rahisi kupatikana.

Mpishi_wa_Rojo:
Wanga wa kawaida unasaidia karatasi ikiwa kavu, ndugu yangu. Ikilowa hausaidii.

DadaMaabara:
Nakubaliana na Mpishi, ila mimi ningeanza na ile rojo ya karatasi zilizotumika. Inakuja na wanga wa zamani, mabaki ya wino na gundi, na sehemu kubwa ya uchafu huo ina chaji hasi. Resini ina chaji chanya, kwa hiyo inanaswa na uchafu kabla haijazifikia nyuzinyuzi. Mkipandisha dozi mnalisha uchafu. Osheni rojo vizuri zaidi, au tangulizeni polima nyingine ya chaji chanya iumalize uchafu, resini iingie baadaye. pH iwe kati ya 6 na 8. Na pimeni klorini kwenye maji, maana klorini iliyobaki inaiharibu PAE.

Kuhusu mteja: PAE haitengenezwi kwa formaldehaidi. Zenye formaldehaidi ni resini za urea na za melamini, ambazo pia zinataka rojo yenye asidi. PAE ilibuniwa na Gerald Keim katika kampuni ya Hercules, Marekani, miaka ya 1950, na faida yake kubwa ni kwamba inakomaa bila asidi. Lakini usimwambie mteja kwamba haina neno kabisa. Epiklorohidrini huacha masalia mawili, 1,3-DCP na 3-MCPD, na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, imeyaweka yote katika kundi 2B, yaani huenda yanasababisha saratani. Mwombe msambazaji karatasi ya vipimo vya masalia hayo, na uchague resini iliyosafishwa. Kwa taulo inayogusa mikono na vyakula, hapo mimi sipunguzi hata kidogo.

RojoNyeupe:
Asanteni sana. Tumeoka vipande: vyote vinasambaratika, kilichookwa na kisichookwa. pH ni 7. Ila nimefuatilia klorini, nikakuta taulo mbovu zinarudishwa kwenye rojo, na zamu ya usiku wanaziyeyusha kwa hipokloriti, ile dawa ya klorini, kwa sababu maji matupu hayaziwezi.

Mpishi_wa_Rojo:
Basi hapo ndipo pa kuanzia. Hipokloriti inavunja resini ya zamani, inayobaki inakwenda kuvunja mpya. Yeyusheni mabaki kwenye tangi la peke yake, kwa maji ya moto na alkali, mkisaidiwa na pasalfeti badala ya klorini. Pasalfeti nayo iishe kabla rojo haijatoka tangini, na alkali iliyobaki irekebishwe mpaka pH irudi kwenye 7.

DadaMaabara:
Na rojo iliyopo tangini sasa hivi, tia sodiamu salfaiti kidogo kidogo mpaka kipimo cha klorini kisome sifuri, kisha uache. Salfaiti ikizidi nayo inaila resini. Baada ya hapo rudia kipimo cha oveni kwa zile zile kilo 5.