Mjadala: Gemu iliyochangiwa na umma ikileta faida, mchangiaji adai nini?

Mwanzilishi wa mjadala, Milimani, Kisumu

Wiki iliyopita vijana wanne wa Kondele, ambao wawili kati yao niliwafundisha hisabati, walinijia na ombi ambalo bado sijalijibu. Wanataka kutengeneza gemu ya kompyuta ya uigizaji, yaani ile ambayo mchezaji huvaa nafsi ya mhusika, akamkuza kwa ujuzi na silaha, akachagua la kusema na njia ya kupita, na kisa kikabadilika kwa kufuata uchaguzi wake. Mhusika wao ni Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo ambaye mkuki haukupenya mwili wake kwa kuwa ulikuwa jiwe, na udhaifu wake ukawa umefichwa kivulini. Katika gemu yao, mchezaji hulazimika kuangalia jua lilipo kabla ya kupigana, kwa sababu kivuli kirefu cha jioni ni hatari kuliko adui aliyesimama mbele yake. Nakiri kwamba wazo hilo lilinifurahisha kuliko inavyomfaa mtu aliyekuwa amejiandaa kukataa kutoa fedha.

Wanahitaji shilingi 600,000 kwa sura ya kwanza, na wanakusudia kuzichangisha kwa watu wa kawaida kupitia M-Pesa. Kikao cha kwanza cha watu wapatao thelathini kilivunjika kwa swali moja: gemu ikiuzika, sisi tuliotoa fedha tutapata nini zaidi ya nakala yake?

Vijana walijitetea kwa mfano wa Divinity: Original Sin, gemu ya uigizaji ya kampuni ya Larian kutoka Ghent, Ubelgiji. Mwaka 2013 kampuni hiyo iliomba dola 400,000 kwenye Kickstarter, jukwaa la mtandaoni la kuchangisha fedha za umma, ikapata dola 944,282 kutoka kwa watu 19,541. Gemu ilitoka mwishoni mwa Juni 2014, na kufikia Septemba ilikuwa imeuza nakala 500,000. Mwaka 2015 walirudi kwa umma kwa ajili ya gemu ya pili, wakachangiwa dola 2,032,434 na watu 42,713, nayo ilipotoka Septemba 2017 iliuza nakala milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Katika mafanikio yote hayo, mchangiaji hakupata gawio. Alipata gemu, na pengine jina lake kuandikwa mwishoni kwa herufi ndogo.

Msimamo wangu ni kwamba hilo lilikuwa sawa. Mchangiaji ana haki ya kudai nakala, hesabu ya fedha na ukweli kuhusu ucheleweshaji, lakini hana haki ya kudai faida ambayo hakuahidiwa. Anayeona vinginevyo na anipinge kwa hoja.

Mhasibu, Nakuru

Mwalimu, kwa heshima zote, umeanza mahali pazuri na kumalizia mahali pabaya. Gawanya hizo dola 944,282 kwa watu 19,541, utapata wastani wa dola 48 hivi kwa kila mmoja. Mwenye kutoa kiasi hicho kwa kitu ambacho hakijakuwepo, huku dirisha la duka likiwa limejaa gemu zilizokamilika, hajanunua bidhaa, amebeba hatari. Katika kazi yangu, anayebeba hatari ndiye anayestahili sehemu ya faida, na sijui ni kwa nini kanuni hiyo ibadilike kwa sababu tu aliyebeba hatari ni watu wengi wadogo badala ya tajiri mmoja.

Tazama yaliyowapata wengine. Kampuni ya inXile ilichangiwa dola 2,933,252 mwaka 2012 kwa ajili ya gemu ya Wasteland 2. Mwaka huohuo kampuni ya Obsidian ilichangiwa karibu dola milioni nne na watu 73,986 kwa gemu iliyokuja kuitwa Pillars of Eternity. Kampuni zote mbili zilikuwa zimechoka kukataliwa na wachapishaji wakubwa, ambao waliamini kwamba gemu za uigizaji za mtindo wa zamani hazina soko tena. Umma uliwapa uhai. Novemba 2018 Microsoft ikatangaza kuzinunua zote mbili. Je, hundi iliandikwa kwa jina la nani?

Kisa cha Oculus ni kichungu zaidi, ingawa hakihusu gemu yenyewe bali miwani ya kuchezea gemu. Wachangiaji walitoa dola milioni 2.4 mwaka 2012, na miaka miwili baadaye Facebook ikakubali kuinunua kampuni hiyo kwa takriban dola bilioni mbili. Waliochanga walilalamika kwa sauti kubwa, na hawakuwa na karatasi hata moja ya kuwasaidia.

Unasema hawakuahidiwa. Ndiyo, na mimi nasema hapo ndipo penye kosa: waahidiwe.

Mwalimu mstaafu, Kakamega

Mimi si mjuzi wa gemu, ila wajukuu wangu wamenielimisha kwa nguvu. Nina neno kuhusu michango.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wa Magharibi walichanga ili kujenga chuo cha WECO hapa Kakamega. Kulikuwa na waliotoa shilingi, na waliotoa mahindi na kuku ambao walipigwa mnada papo hapo. Kule Kisumu nanyi mlichanga mkajenga chuo cha Ramogi. WECO leo ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Sijasikia mzee hata mmoja aliyeleta kuku akaenda kwa mhasibu wa chuo kudai gawio la karo. Mchango ulitolewa ili kitu kiwepo, na kikiwepo, deni limekwisha.

Ndugu yangu wa Nakuru, ukiingiza hisa katika kila harambee, watu watauliza faida kwanza na haja baadaye. Vijana hawa wanne hawatachangiwa na mtu anayempenda Lwanda Magere, bali na mtu anayepiga hesabu.

Mhasibu, Nakuru

Mzee wangu, nakushukuru, lakini kuku wa WECO alikwenda kwa chuo cha umma, na mjukuu wa aliyemtoa anaweza kusoma pale. Gemu ya Kondele itakuwa mali ya watu wanne. Vitu hivi viwili vikiitwa jina moja la harambee, mwenye mali hujificha nyuma ya jina hilo. Tumeyaona sana katika siasa zetu, na sitaki kuyafungulia mlango mwingine.

Mwanafunzi wa kompyuta, Maseno

Naomba kurekebisha jambo moja ambalo pande zote mbili zimelichukua kuwa kweli, yaani kwamba umma ndio uliozalisha mafanikio hayo. Original Sin iliuza nakala 500,000 ilhali wachangiaji hawakufika 20,000. Kwa kila aliyechanga, walikuja wengine zaidi ya ishirini waliosubiri gemu ikamilike na kusifiwa. Tena fedha za Kickstarter hazikutosha gharama. Sehemu kubwa ilitoka kwa kampuni yenyewe, ambayo ilikuwa imetengeneza gemu tangu miaka ya 1990 na ilikaribia kujifilisi kwa kuimalizia hiyo.

Upande wa pili, gemu ya Torment: Tides of Numenera ilichangiwa dola 4,188,927 na watu 74,405 mwaka 2013, zaidi ya mara nne ya fedha za Original Sin ya kwanza. Ilipotoka Februari 2017, mauzo yake yalivunja moyo. Wapenzi wake wengi walikuwa wamekwisha kulipa miaka minne kabla, na nje ya kundi hilo hapakuwa na umati uliosubiri. Wingi wa michango ulionyesha mapenzi ya waliokuwepo, haukuonyesha ukubwa wa soko.

Kwa hiyo, mhasibu, kama wale 74,405 wangekuwa na hisa, leo tungekuwa tunajadili hasara yao.

Mmoja wa wale vijana wanne, Kondele

Shikamooni wazee, na salamu kwa wengine. Nimesoma yote na naona nizungumze, maana mashtaka yananihusu.

Kwanza, Kickstarter hairuhusu mtu wa Kenya kuanzisha mradi kwa kutumia anwani na akaunti yake ya hapa. Mkopo wa benki unadai dhamana, na kompyuta mbili zilizotumika si dhamana. Ndiyo sababu tumefikiria M-Pesa na watu wanaotufahamu. Pili, tukifika sokoni, duka la gemu la mtandaoni la Steam hukata asilimia 30 ya kila mauzo kabla hatujaona senti, na kodi inasubiri mlangoni. Gemu ikiuzwa shilingi 1,000, zinazobaki kwetu hazifiki 700, na hizo ndizo za kulipa mchoraji, msanii wa sauti na umeme.

Mfano tunaoutazama zaidi si wa Ubelgiji. Ni Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, waliotengeneza Aurion, gemu ya uigizaji yenye mapigano, iliyosimama juu ya ngano na mavazi ya Kiafrika. Walichangisha Kickstarter mwaka 2015, wakapita lengo lao la yuro 40,000, na Aprili 2016 gemu ikawa sokoni. Walifanya kazi katika jiji ambalo umeme hukatika kama wetu. Kila nikisikia mtu akisema kwamba mambo haya ni ya Wazungu, namwonyesha picha zao.

Hatukatai kugawana. Tunaogopa kuahidi kitu ambacho hatujui kukihesabu.

Mhasibu, Nakuru

Kijana, umenipa silaha mwenyewe. Kiro'o hao hao waliuza pia hisa za kampuni yao kwa watu wa kawaida. Hivyo inawezekana, na imefanyika Afrika, na waliofanya ni watu wa gemu ya uigizaji. Suala la kutojua kuhesabu ni dogo; njoo Nakuru nitakufundisha bila malipo, pengine kwa kikombe cha chai.

Mwanzilishi wa mjadala, Milimani, Kisumu

Nimekaa na hoja hizi siku mbili. Mhasibu amenisukuma, ila si mpaka mahali alipotaka.

Njia ya kuchanganya mchango na uwekezaji imekwisha kujaribiwa katika gemu hizi hizi. Jukwaa la Fig lilianza 2015 kwa madhumuni hayo, na Obsidian walilitumia mwaka 2017 kwa Pillars of Eternity II. Zilipatikana zaidi ya dola milioni nne, sehemu yake kutoka kwa watu walioahidiwa mgao wa mapato. Gemu ilisifiwa, lakini ilipotoka Mei 2018 mauzo ya mwanzo yalikuwa hafifu. Mchangiaji wa kawaida alipata gemu nzuri akaicheza. Mwenye mgao alipata sehemu ya mauzo hafifu. Sisemi kwamba mwekezaji asipate hasara. Nasema kwamba mama mboga wa Kibuye anayetuma shilingi 500 kwa sababu mwanawe anapenda gemu hajui kwamba ameingia katika biashara ya namna hiyo, na asiyejua hapaswi kuingizwa.

Liko pia suala la sheria, ambalo sote tulilipita. Kenya ina kanuni za 2022 chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kuhusu uwekezaji wa umma wa aina hii, na zinataka jukwaa linalokusanya fedha za wawekezaji liwe na leseni. Vijana wanne wakiahidi hisa katika kundi la WhatsApp na kupokea fedha kwa nambari ya simu, hawatakuwa wamewaheshimu wachangiaji. Watakuwa wamejitafutia kesi.

Lipo jambo moja ambalo mhasibu amenishinda, nami nalikubali bila kinyongo. Kuuza nakala za gemu na kuiuza kampuni ni mambo mawili. Faida ya nakala ni malipo ya jasho la aliyetengeneza, na mchangiaji alikwisha kupata yake. Lakini kampuni iliyoinuliwa na majina ya wachangiaji ikinunuliwa na jabali la ng'ambo, sehemu ya kinachouzwa ni wachangiaji wenyewe, yaani uaminifu wao na idadi yao. Mfano wa Kingdom Come: Deliverance ya Warhorse wa Prague unanifundisha hilo. Mwaka 2014 walikwenda kwa umma hasa ili kumthibitishia mwekezaji wao kwamba wako watu wanaotaka gemu ya uigizaji isiyo na mazimwi wala uchawi. Waliomba pauni 300,000, wakapata zaidi ya pauni milioni 1.1, naye mwekezaji akaridhika akatoa fedha nyingi zaidi za kuikamilisha. Ilipotoka Februari 2018 iliuza nakala milioni moja chini ya mwezi mmoja. Wachangiaji 35,000 walitumika kama ushahidi, na ushahidi una thamani.

Sijui jina la kisheria la deni hilo. Najua tu kwamba kulilipa kwa herufi ndogo mwishoni mwa gemu ni ubahili.

Nimewaita vijana Jumamosi. Nitachanga shilingi 5,000 kwa masharti yatakayoandikwa kwenye ukurasa mmoja kabla ya fedha za mtu yeyote kupokelewa: kwamba huu ni ununuzi wa mapema na si hisa, kwamba hesabu itasomwa mbele yetu kila baada ya miezi mitatu, hata kama hakuna kilichofanyika, kwamba lengo la 600,000 lisipofikiwa kila mtu arudishiwe chake, kama Kickstarter wasivyomtoza mtu lengo lisipofikiwa, na kwamba kampuni ikiuzwa siku moja, walioianzisha watuite kwanza watuambie bei. Mhasibu anataka sharti hilo la mwisho liwe na asilimia ndani yake. Mwalimu wetu wa Kakamega anataka lifutwe kabisa. Kijana wa Kondele ameniandikia usiku akiuliza kama sharti la hesabu linajumuisha nauli ya bodaboda, nami nimemjibu kwamba ndiyo, mpaka shilingi ya mwisho.