Kwa nini wawindaji wanapigania makazi ya ndege yule yule wanayemwinda?

Mkazi_wa_Boise

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Boise, jimbo la Idaho, magharibi mwa Marekani, na ninaomba msaada wa kuelewa jambo ambalo limenitatiza kwa miezi kadhaa. Nimezaliwa na kulelewa Kenya, nchi iliyopiga marufuku uwindaji tangu 1977, na kwa malezi hayo nimezoea kuamini kwamba mwindaji na mhifadhi hawapikiki chungu kimoja.

Kazini kwetu kuna mzee mmoja, fundi wa magari, ambaye kila Septemba huchukua bunduki na mbwa wake kwenda kuwinda ndege anayeitwa sejigrausi. Hivi karibuni aliniomba nimsomee barua aliyoiandikia BLM, idara ya serikali ya shirikisho inayosimamia ardhi ya umma. Katika barua hiyo anaiomba idara isiruhusu barabara mpya wala nguzo za umeme karibu na viwanja vya ndege (sina maana ya ndege za abiria, ni vile viwanja ambako madume hukusanyika alfajiri wakati wa machipuko, wakatunisha mifuko miwili ya manjano vifuani na kucheza mbele ya majike). Nilipomuuliza kwa nini asianze kwa kuiweka chini bunduki yake mwenyewe, alicheka na kusema kwamba bila kichaka hakuna ndege, awepo mwindaji au asiwepo. Je, hoja hiyo ina uzito wa kweli, au ni namna ya mtu kuitetea starehe yake?

BintiNyika

Ndugu, jibu la swali lako linaanzia kwenye firigisi. Kuku na kwale wana firigisi ngumu inayosaga punje, lakini ndege huyu, ambaye ni wa ukoo mmoja nao, ana firigisi laini isiyoweza kusaga mbegu ngumu. Kwa hiyo kipindi chote cha baridi, theluji ikiwa imetanda, yeye huishi kwa majani ya kichaka cha sejibrashi na karibu hali kitu kingine. Kichaka hicho ni cha jenasi moja na pakanga yetu, na yeyote aliyewahi kunyweshwa maji ya pakanga utotoni atajua kwa nini wanyama wengi huyaepuka majani yake. Ndiyo maana mimi humwita ndege huyu kwale wa pakanga. Kichaka hicho hicho ndicho kinachomficha jike anapoatamia, na chini yake ndiko vifaranga huokota wadudu na majani mororo. Kikiondoka, hakuna pa kumhamishia, kwa sababu si ndege wa shambani wala si wa msituni.

Nilisoma masuala ya malisho na nyanda kule Utah, na katika miaka yote ile sikukutana na mtaalamu aliyeitaja bunduki kuwa sababu kubwa ya kupungua kwake. Tathmini ya taasisi ya jiolojia ya Marekani, USGS, iliyotolewa mwaka 2021 ilikadiria kwamba idadi ya ndege hawa imeshuka kwa takriban asilimia 80 tangu 1965. Kinachowamaliza ni kupotea kwa ardhi yao, na katika eneo lenu la Idaho na Nevada adui mkuu ni nyasi vamizi iliyotoka Ulaya na Asia, ambayo humea mapema, hukauka mapema na huwaka kama karatasi. Sejibrashi ikishaungua haichipui tena kutoka kwenye mizizi. Sharti ianze upya kwa mbegu, na hupita miongo kadhaa kabla haijawa kichaka cha kumficha ndege. Nyasi ile, kinyume chake, hurudi mwaka unaofuata ikiwa nene zaidi, na kualika moto mwingine. Agosti 2015 moto uliopewa jina la Soda uliteketeza zaidi ya ekari 270,000 mpakani mwa Idaho na Oregon, si mbali na hapo unapoishi. Kwingineko sababu ni nyingine: karibu na Pinedale, Wyoming, watafiti walishuhudia idadi ya madume ikipungua katika viwanja vilivyo jirani na visima vya gesi, na ndege wengi hufa kwa kujigonga kwenye seng'enge, kwa kuwa huruka chini chini gizani kabla ya mapambazuko. Nguzo za umeme alizozitaja mzee wako nazo zina hoja, maana kunguru na ndege mbuai hupata juu yake mahali pa kutulia na kuvizia mayai na vifaranga katika nyika ambayo kwa asili haina miti.

Sasa jiulize ardhi hiyo ni ya nani. Karibu nusu ya makazi ya ndege huyu iko mikononi mwa BLM, na fundi wa magari asiye na hata robo ekari ana haki ya kuingia humo sawa na bilionea. Haki hiyo ndiyo inayomfanya achukue kalamu. Mwaka 2017 mbunge Jason Chaffetz wa Utah aliwasilisha muswada wa kuuza takriban ekari milioni 3.3 za ardhi ya shirikisho. Wawindaji na wavuvi walimjia juu kwa simu na barua, naye akauondoa baada ya siku chache tu, akitangaza uamuzi huo kwa picha aliyovaa mavazi ya kuwindia. Wapo wanasiasa wa majimbo yale ambao hawatishwi na wanamazingira wa mijini, lakini mwindaji wa jimboni kwao humsikiliza, kwa sababu ni mpiga kura wao.

Sitaki kuwapamba kupita kiasi. Mwaka 2010 mamlaka ya shirikisho ya wanyamapori ilisema kwamba ndege huyu anastahili kuwekwa chini ya sheria ya 1973 ya viumbe walio hatarini, ila kulikuwa na viumbe wengine waliotangulia kwenye foleni. Angeingizwa, msimu wa kuwinda ungefungwa, na wafugaji pamoja na kampuni za gesi wangebanwa. Hofu hiyo ndiyo iliyowakutanisha watu ambao kwa kawaida hawasalimiani, wakashiriki katika kutengeneza mipango ya matumizi ya ardhi iliyogusa takriban ekari milioni 67, na Septemba 2015 serikali ikaamua kwamba hakuna tena haja ya kumwingiza. Mipango hiyo ilipolegezwa mwaka 2019, mahakama ya shirikisho ya Idaho iliyasimamisha mabadiliko hayo Oktoba mwaka huo huo. Tangu wakati huo kila utawala umekuwa ukivuta upande wake, ndiyo maana mzee wako bado anaandika barua.

MlinziMstaafu

Binti yangu ameeleza vizuri, lakini mimi niliyetumikia wanyamapori hapa Tanzania hadi kustaafu nina shaka mbili.

Ya kwanza ni ya fedha. Wawindaji wa Marekani hupenda kujivunia sheria ya 1937 inayotoza asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, na fedha hizo kugawiwa majimbo kwa ajili ya wanyamapori. Ni sheria nzuri, nami natamani tungekuwa na kitu kama hicho. Lakini leo watu wengi wanaonunua silaha kule hawajawahi kukanyaga porini, kwa hiyo mwindaji asijihesabie sadaka iliyotolewa na jirani yake. Ya pili ni nzito zaidi. Ikiwa ndege amepungua kiasi hicho, kwa nini msimu usifungwe hata kwa miaka mitano? Jimbo la Washington liliufunga tangu 1988, na North Dakota likafuata baadaye. Mtu anayeomba barabara isijengwe kwa ajili ya ndege, kisha yeye mwenyewe akarudi na ndege wawili mfukoni, ajiandae kuulizwa.

Hata hivyo kuna jambo moja ninalowaonea wivu. Huku kwetu, panapozungumzwa kitalu cha uwindaji, wanaosikika ni serikali na kampuni iliyokipangisha, na pengine jumuiya ya vijiji ikiwa eneo ni la WMA, yaani hifadhi ya wanyamapori inayosimamiwa na vijiji. Mwindaji wa kawaida mwenye leseni ya kanga na kwale hana mahali pa kupeleka barua ya namna hiyo, wala sidhani kama angejibiwa.

Baba_Furaha

Shikamoo Mzee wetu. Mimi ni Mkongomani, nilifika Boise nikitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na ninawinda, kwa hiyo naomba nilijibu hilo la kufunga msimu kwa kile ninachokiona mwenyewe.

Tangu 2021 jimbo la Idaho hutoa vibali vya ndege huyu kwa idadi maalumu katika kila kanda, na idadi hiyo hufuata hesabu ya madume waliohesabiwa viwanjani wakati wa machipuko. Kanda ikiwa na ndege wachache, vibali huwa vichache au havitolewi kabisa. Kisha kuna jambo la mabawa. Kwenye njia panda za nyika utakuta mapipa, na mwindaji hukata bawa moja la ndege aliyempata akalitumbukiza humo. Wataalamu huyatazama manyoya, wakatambua umri na jinsia, na hapo wakajua ni vifaranga wangapi waliokua mwaka ule kwa kila jike. Ukifunga msimu, unapoteza taarifa hiyo. Nakubali kwamba hoja hii peke yake haitoshi, Mzee, na ndege wakizidi kupungua nitakuwa wa kwanza kuacha. Tena nikiri kwamba nyama yake haina utamu wa kupigania: ina harufu ya majani yale, na mke wangu mara ya kwanza aliifungulia madirisha yote.

Mwezi wa Novemba tunakwenda kukusanya mbegu za sejibrashi kwa mikono, ndogo kama vumbi, na machipuko tunapanda miche mahali palipoungua. Wengi ninaowakuta huko ni wawindaji, nao ni wazee. Hilo la uzee wao linanitia wasiwasi kuliko bunduki zao.

Mkazi_wa_Boise

Ahsanteni nyote. Nimemsomea mzee wa kazini swali la Mzee MlinziMstaafu kuhusu kufunga msimu, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mwaka jana hakuomba kibali. Sasa nina swali dogo la mwisho: mimi bado si raia. Je, naruhusiwa nami kuandika?

Baba_Furaha

Unaruhusiwa, ndugu yangu. Kipindi cha maoni kinapofunguliwa, BLM hupokea maoni ya mtu yeyote, na hawaulizi uraia. Ila usiandike "napinga" ukaishia hapo, kwa kuwa zile si kura. Taja mahali unapopafahamu, eleza ulichokiona na mwezi ulipokiona, kisha useme ni sehemu gani ya mpango unayotaka ibadilishwe na kwa sababu gani. Kama hujawahi kufika kwenye kiwanja chenyewe, mwezi wa Aprili uko huru kupanda gari langu. Tunaondoka saa tisa usiku, na uje na koti zito.