Tangazo la tamasha la filamu Bagamoyo: kioo, tableti au matabaka?

Binti Dunda
Habari zenu, ndugu wasanii. Kamati ya tamasha letu la filamu za ukanda wa pwani imenikabidhi tangazo la video la sekunde 40, kwa sharti kwamba kila picha ionekane imepakwa kwa brashi: jahazi linatweka tanga alfajiri, kisha tanga lenyewe linageuka kuwa skrini ya sinema. Nasita baina ya njia tatu. Ya kwanza ni kupaka rangi ya mafuta juu ya kioo chini ya kamera, nikifuta na kupaka upya kwa kila picha. Ya pili ni kurekodi jahazi halisi na kuchora juu ya kila fremu, yaani kila picha moja ya video, kwa tableti. Ya tatu ni kupaka michoro michache mikubwa, kuikata matabaka na kuyasogeza kwenye kompyuta. Tuko watatu, na tuna wiki sita.

Fundi Brashi
Dada, tangulia na hesabu. Sekunde 40 kwa fremu 12 kila sekunde ni fremu 480. Kila moja ikila dakika 40, hizo ni saa 320, bila kuhesabu zitakazoharibika. Filamu ya Loving Vincent ya mwaka 2017, iliyopakwa kwa mkono, nayo ya fremu 12 kwa sekunde, ilihitaji takriban fremu 65,000 za rangi ya mafuta na wachoraji zaidi ya 100, ingawa waigizaji walikuwa wamekwisha kurekodiwa. Tena kioo hakina kurudi nyuma, kwa kuwa fremu ya jana imeshafutwa. Mimi ningechukua tableti na programu ya Krita, ambayo hailipiwi.

Mwalimu wa Rangi
Hesabu ya Fundi ni sahihi, lakini amepita haraka mahali penye uzito. Tanga kugeuka skrini ni badiliko la umbo, na hapo kioo hakina mpinzani, kwa sababu rangi iliyofutwa huacha kivuli chake na jicho huona kitu kimoja kikizaa kingine. Rangi ya mafuta utaikuta bado laini hata ukirudi baada ya swala ya adhuhuri. Akriliki kwa joto letu hukauka ukiwa bado unafikiri. Ziba madirisha, tumia taa zisizobadilika, na upange mwanga wa kamera kwa mkono. Niliwahi kuiacha kamera ijiamulie, na bahari yangu ikapepesa kama taa bovu kwa sekunde tatu nzima.

Nahodha wa Projekta
Shikamoo Mwalimu. Naomba tukumbuke tangazo litatazamwa wapi. Wengi watalipokea kwa WhatsApp, ambako video hubanwa, na alama za brashi zinazobadilika kila fremu ndizo huvurugika kwanza, zikawa vigae vya rangi. Matabaka hustahimili zaidi, maana mchoro ni uleule na kinachosogea ni mahali pake. Mtindo wa uchoraji wa Tingatinga, wenye maumbo yaliyojitenga waziwazi na usuli, ungekatika vizuri sana.

Binti Dunda
Tingatinga naipenda, ila kamati imeshasema haitaki tangazo lifanane na duka la zawadi za watalii. Wanataka ukungu wa alfajiri.

Mwalimu wa Rangi
Marahaba, Nahodha. Basi sekunde 8 za badiliko zifanywe kwenye kioo, yaani fremu 96 na takriban saa 64 kwa kipimo cha Fundi, na sekunde 32 zilizobaki ziwe matabaka yaliyopakwa kwa rangi zilezile na mkono uleule, la sivyo kiungo kitaonekana.

Fundi Brashi
Hapo nakubali, ingawa tableti bado ingeniokolea usingizi.

Nahodha wa Projekta
Maandishi yawe tabaka la peke yake, kwani utahitaji toleo la kulala kwa skrini na la kusimama kwa simu, na tarehe za kamati hubadilika. Alfajiri yenyewe usiifanye nyeusi mno. Projekta ya uwanjani huimeza yote.

Binti Dunda
Nimepata kioo cha dirisha kuukuu. Jumamosi nitajaribu fremu 12 za tanga tu, kisha nizitume kwa WhatsApp kabla ya kupaka ya 13.