Kontena la Uingereza limechelewa, arbuni za watu nimeshazitumia. Naombeni ushauri

BintiJangombe

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba mnisome mpaka mwisho, jambo hili limeninyima usingizi.

Nina duka la vitu vya Ulaya vilivyotumika pale Mwanakwerekwe, Unguja, huu mwaka wa saba. Kaka yangu anaishi Leicester, Uingereza. Kule ananunua friji, mashine za kufulia, magodoro, sofa, baiskeli na vyombo vya jikoni, anajaza kontena la futi 40. Mie napokea, nauza, faida tunagawana. Wenyeji wa hapa mnaijua biashara hii, na pengine friji iliyomo jikoni kwenu imekuja kwa njia hiyo hiyo.

Zamani hesabu ilikuwa nyepesi. Kontena likitoka bandari ya Felixstowe, wiki ya sita au ya saba niko Malindi, bandarini kwetu Unguja. Tangu mwisho wa 2023 meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, kampuni kubwa zimeacha kupita Mfereji wa Suez. Zinashuka mpaka Rasi ya Tumaini Jema, zinaizunguka Afrika yote, ndiyo zipande huku kwetu. Kontena langu la mwanzo la mwaka jana lilichukua wiki 11. Hili la sasa lilipakiwa katikati ya Mei na leo ni wiki ya 13. Nauli imepanda karibu mara moja na nusu ya ile niliyoizoea, na pauni yenyewe imeshapita shilingi 3,000. Mwezi uliopita, Julai 2025, tukasikia meli mbili nyengine zimezamishwa kule kule, nikajua hapana atakayerudi njia ya mkato karibuni.

Kosa langu ni hili. Nilipokea arbuni kwa watu 11, jumla shilingi milioni 3 na laki 4, nikawaahidi mzigo kabla ya mwisho wa Juni. Pesa zile nikazitia kwenye nauli. Mmoja wao ni mama anayemuoza binti yake mwezi wa Mfunguo Sita, alichagua friji na kitanda kwa picha. Kila Ijumaa anapita dukani, anakaa kitini, anauliza "Bado?" basi, anaondoka. Hajawahi kunipandishia sauti.

Sasa kaka anataka tupakie kontena la pili Septemba. Vitu ameshanunua, viko kwenye ghala la kukodi na kodi inakwenda. Zinahitajika milioni 18. Yuko mtu hapa mjini tayari kunipa, ila nimrudishie 21 baada ya miezi mitano. Moyo hautaki. Kaka anasema tukisimama sasa, wenzetu watachukua wateja.

Nipakie? Nisimame? Nihamie biashara nyengine kabisa? Na hawa wenye arbuni niwaambie nini?

MtotoWaHamali

Waalaykum salaam binti yangu. Mie ni mtu mzima, nimekaa na duka Mlandege zaidi ya miaka 30, na baba yangu alikuwa hamali wa bandarini. Mfereji wa Suez ulifungwa Juni 1967 kwa ajili ya vita, ukaja kufunguliwa Juni 1975. Miaka minane! Wakati huo nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka mzee akirudi nyumbani akituambia meli ya Ulaya siku hizi haina tarehe, ina mwezi tu. Kwa hiyo njia hii ya kuzunguka Rasi si ngeni kwetu. Tangu sasa ihesabu kuwa ndiyo njia. Siku wakirudi Suez, itakuwa faida ya juu.

Kuhusu arbuni nakwambia lililonipata. Disemba 2009 waya wa umeme unaotoka Bara uliharibika, Unguja tukakaa gizani miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Nilikuwa na friji mpya tisa dukani na nimezichukua kwa mali kauli kwa wafanyabiashara wawili. Nani anunue friji hakuna umeme? Wa kwanza nilimwendea mwenyewe nyumbani kwake wiki ya pili, nikamuonesha daftari. Wa pili nilimkimbia, nikawa napita uchochoroni nisikutane naye. Wa kwanza tunafanya biashara mpaka leo. Wa pili amefariki na hatukusameheana kwa mdomo, na hilo linaniuma mpaka ninavyoandika hapa.

Huyo mama usimngoje Ijumaa. Mwendee.

Na hizo 18 kwa 21, binti yangu, unalijua jina lake: riba. Usizishike.

WakalaFunguni

Nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, acha niingie kwenye mambo ya kazi yenyewe.

Kwanza, una namba ya kontena? Herufi nne na tarakimu saba. Iingize kwenye tovuti ya kampuni ya meli, utaona limeshushwa wapi. Mizigo ya Ulaya mara nyingi haiji Zanzibar moja kwa moja, hushushwa bandari kubwa kisha ikangojea meli ndogo ya kuileta. Wateja wangu wengi mwaka huu wamepoteza siku nyingi pale kwenye kungojea meli ndogo kuliko baharini kwenyewe. Ukijua liko wapi, utaacha kumwambia mteja "liko njiani" na utamtajia pahala.

Pili, na hili ndilo linalonitia khofu kwako: una pesa za kulitoa? Naona kila shilingi umeitia kwenye nauli. Kontena likishushwa unapewa siku chache za bure, baada ya hapo bandari inahesabu pango na kampuni ya meli inahesabu demareji, yaani malipo ya kulichelewesha kontena lake, kila siku, kwa dola. Nimemuona mtu ambaye mzigo wake ulivuka bahari salama ukamshinda getini. Kabla ya kuwaza kontena la pili, hakikisha ushuru wa hili na gari la kulibeba viko mkononi.

Tatu, bima. Uliikata?

BintiJangombe

Shukran sana baba MtotoWaHamali, nimesoma na machozi yamenitoka.

Wakala, nimeangalia sasa hivi kama ulivyonielekeza. Lilishushwa Mombasa siku tisa zilizopita, halijapakiwa tena. Sikuwa nikijua kabisa! Pesa za kulitoa ninazo nusu. Bima hatujawahi kukata hata siku moja, kaka anasema friji zilizotumika nani atazilipa.

WakalaFunguni

Mwambie kaka hivi. Mwaka 2021 ile meli ya Ever Given iliziba Suez siku sita, ikiwa na makontena zaidi ya 18,000. Ilipokwamuliwa, mwenye meli akatangaza kwamba gharama za uokozi zigawanwe na wenye mizigo wote. Hiyo ni sheria ya bahari ya kale sana, wote mliomo melini mnachangia hasara iliyoingiwa ili kuokoa safari. Kontena lako linaweza kuwa zima, halina hata mkwaruzo, na usipewe mpaka uweke dhamana. Mwenye bima, kampuni yake ndiyo inayoshughulika. Asiye na bima anatafuta fedha mwenyewe. Siku hizi takaful, bima ya Kiislamu, ipo hapa hapa Unguja, huna udhuru wa dini. Ila uliza suali moja waziwazi: na madhara ya vita yamo? Bima ya kawaida ya mzigo huwa haiyachukui, yanakatiwa kipande chake mbali.

DagaaWete

Mie niko Pemba na nitasema tofauti na wenzangu. Achana na makontena, dada. Biashara gani hiyo unalipa mwezi wa tano, unauza wa tisa?

Geukia vya hapa hapa. Kuna dagaa, kuna mwani. Mie nanunua dagaa kwa wavuvi, tunachemsha na chumvi, tunaanika, wanunuzi wa Kongo wanafuata wenyewe.

ShogaWaDarajani

DagaaWete, kwa heshima zako kaka yangu, na Januari mlipopotelewa na wanunuzi Goma ya Kongo ilipotekwa mbona hukusema? Mume wangu anabeba dagaa hizo hizo, magunia yalikaa wiki ngapi?

DagaaWete

Ni kweli, sitabisha. Wiki tano. Mnunuzi wangu mkubwa alikuwa akipeleka Goma na Bukavu, na miji yote miwili iliingia vitani mwanzo wa mwaka. Simu hazipokelewi, dagaa zinageuka rangi. Nikaziuza Tanga kwa hasara.

Basi narekebisha neno langu. Dagaa nazo zina vita vyake. Lakini hasara yangu ilikuwa ya gunia 40, si ya kontena, na hapana mtu aliyekuja kukaa kitini kwangu kuniuliza "Bado?" Hapo ndipo ninapomuonea huruma dada huyu. Mwani nao usiuingie kwa kusikia, maji ya moto yanaua ile aina ya bei nzuri, kotonii, muulize mwanamke yeyote wa Paje au wa huku Makangale.

FundiFrijiAmani

Nimesubiri mtu aseme hili sijaliona. Mnazungumza njia ya meli, kilichomo ndani ya kontena hamkigusi.

Dada, tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, ule wa taka zinazovuka mipaka, umebadilika. Taka zote za umeme, ziwe na sumu au zisiwe nayo, haziruhusiwi kuvuka mpaka wa nchi hadi nchi inayopokea ikubali kwanza kwa maandishi. Tanzania imo katika mkataba huo. Na Uingereza kwa sheria zao, friji au mashine isiyofanya kazi ni taka, haiuzwi nje kwa jina la mtumba. Ile iliyo nzima lazima iwe imepimwa, na karatasi ya kipimo iwepo, na ifungwe vizuri isivunjike. Friji kongwe zenye zile gesi zinazotoboa tabaka la ozoni haziruhusiwi kabisa. Kontena likifunguliwa kule wakakuta friji zimerundikwa kama kuni, halitoki.

Mie kazi yangu ni mafriji, miaka 14. Naletewa na wateja wa maduka kama lako. Kati ya kumi zinazoshuka, tatu au nne nazipokea kabla hazijamaliza mwezi: kompresa imechoka, au imesafiri imelala mafuta yakapanda kwenye mirija ya gesi. Mteja anakulaumu wewe, wewe unanilipa mie. Umewahi kuhesabu hizo? Pengine unapata faida kwenye magodoro na sofa, na friji zinaila.

Ghala hilo la Leicester, muulize kaka friji ngapi amezipima na karatasi ziko wapi. Hilo suali la mwanzo. Pesa za kupakia ni la pili.

ShogaWaDarajani

Fundi kasema kweli tupu. Shoga yangu, mie naleta vyombo vipya kutoka Kariakoo na mara moja kwa mwaka kutoka Guangzhou. Sijazi kontena peke yangu, tunachangia watu watano, kila mtu na nafasi yake. Likichelewa, limechelewa na robo ya mtaji wangu. Nawe huko Uingereza wapo Wazanzibari chungu nzima wanaotaka kuleta masanduku ya familia zao. Kaka aweke magodoro, baiskeli na vyombo upande mmoja, nafasi iliyobaki aiuze kwao. Nauli itajilipa bila ya huyo bwana wa 21.

Na picha! Acha kuuza kwa picha kitu kilicho baharini. Uza kilichoko sakafuni.

BintiJangombe

Ndugu zangu, narudi baada ya siku nne.

Nilikwenda kwa yule mama Jumanne, kwake Magomeni. Nikamwambia limo Mombasa, nikamuonesha kwenye simu, nikamwambia pia pesa yake nimeitumia na nitairudisha nusu wiki hii, nusu mwisho wa mwezi, achague. Alinyamaza muda mrefu. Akasema kitanda atanunua kwa fundi seremala wa mtaani kwake maana harusi haingoji, friji atangojea. Akanipa chai. Wengine sita wamekubali kungoja. Watatu wametaka chao, nimeuza mkufu wangu mmoja nimewalipa. Mmoja amenisema maneno makali mbele ya watu, na ana haki.

Kaka tumegombana. Nilipomuuliza karatasi za vipimo alikata simu. Jana usiku alipiga mwenyewe: friji 31 ziko ghalani, zilizopimwa ni tisa. Kumbe naye alikuwa na khofu yake, amechukua vitu kwa deni na hakunambia. Tumekubaliana zisizopimwa aziuze huko huko hata kwa bei ya chini, na ametangaza nafasi ya masanduku kwenye msikiti wanaosali. Mpaka leo wamejitokeza watu wanne. Wakifika kumi ndiyo tunapakia. Mwezi wowote utakaokuwa.

Yule bwana wa milioni 18 nimemshukuru, nimemwambia hapana.

Daftari la marekebisho nimelifungua jana usiku, nikahesabu mwaka mzima uliopita kama alivyosema Fundi. Kwenye friji 52 nimerudishiwa 17.

Fundi, kontena linatarajiwa Malindi Jumatano ijayo. Nataka uzipime zote kabla sijaziweka dukani, hata zile nzima, nikulipe kwa idadi. Siku gani una nafasi?

FundiFrijiAmani

Alkhamisi asubuhi. Usiziwashe siku hiyo hiyo, zisimamishe wima mpaka nifike.