Gita la nyuzi 12 la bei nafuu, nichukue gani?

kijana_likoni: Wadau natafuta gita la nyuzi 12 lenye sauti tamu lakini bei isiumize mfuko. La mtumba hapa Mombasa naeza kuliamini?

mpigaji_tudor: Mtumba sawa yakhe bora ukague shingo, nyuzi 12 zavuta sana, angalia daraja (kile kibao usoni kinachoshikilia nyuzi) lisiwe limeanza kubanduka kwa nyuma na nyuzi zisikae juu mno kutoka shingoni. Ukipata Yamaha FG820-12 shika, uso wake ni mbao halisi ya spruce si plaiwudi, ndo maana yalia vizuri.

mzee_wa_nyuzi: Mwanangu, shusha tuni sauti moja nzima kisha weka kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote) kwenye freti ya pili, yaani kile chuma cha pili shingoni, sauti irudi kawaida, shingo itapumua. Na kwa hii hewa yetu ya chumvi futa nyuzi kila ukimaliza kupiga, zile nyembamba za oktava (zinazolia juu kuliko wenzake) zashika kutu haraka!