Tupeane uzoefu: mliofika kwenye msalaba wa Giewont, safari yenu ilikuwaje?

Ndugu wanachama, heshima kwenu. Wengi wetu tunaosoma au kufanya kazi Poland tumewahi kupita Zakopane, na hakuna anayefika mji ule asionyeshwe Giewont, mlima ambao ukiutazama kutoka mjini unafanana na mtu aliyelala chali, paji la uso, pua na kidevu vikichomoza angani. Wenyeji husema ni shujaa aliyelala, atakayeamka siku nchi itakapomhitaji. Juu ya kilele chake kikubwa, mita zipatazo 1,894 kutoka usawa wa bahari, umesimama msalaba wa chuma tangu mwaka 1901. Ningependa tusimuliane jinsi kila mmoja alivyoufikia, maana maelezo mengi niliyoyasoma kabla ya kwenda yalisifu mandhari tu, yakaacha mambo ambayo mtu huyatambua akiwa tayari ameshika mnyororo.

Naanza mimi. Nilipanda mwezi wa Julai, siku ya Jumamosi, kutoka Kuźnice, kitongoji cha Zakopane, kwa njia ya buluu. Alama yake ni mstari wa buluu kati ya mistari miwili myeupe, uliopakwa rangi kwenye mawe na vigogo vya miti, kwa hiyo kupotea kunahitaji juhudi. Unapita Kalatówki, unatokea kwenye malisho ya Hala Kondratowa, kisha unapandisha hadi kwenye mgongo wa mlima, na mwendo wote hauzidi sana saa tatu. Kilichonichosha ni foleni. Kipande cha mwisho kina minyororo iliyofungwa kwenye mwamba, na watu hupandia upande mmoja na kushukia mwingine. Nilisimama pale zaidi ya saa nzima, nikitazama visigino vya mtu aliyenitangulia. Mwamba wenyewe ni wa chokaa, na nyayo za watu wa miaka mingi zimeulainisha ukateleza kama kizingiti cha nyumba ya zamani. Nilikuwa nimevaa raba za kukimbilia, kosa ambalo sitalirudia.

Nilipofika juu nilishangaa kuona kwamba msalaba si nguzo nzima kama nilivyodhani. Ni vipande vya chuma vilivyounganishwa kwa kupishana, ukisimama chini yake unaona mawingu katikati. Nilikaa hapo dakika kumi tu, kwa sababu nyuma yangu watu walikuwa bado wanapanda na nafasi ni finyu.

Mchango wa pili

Ahsante kwa kuanzisha mada. Mimi ni Mwislamu, na nilikwenda kwa kupenda milima, lakini nilichorudi nacho ni habari ya watu walioujenga. Waumini wa parokia ya Zakopane, wakiongozwa na paroko wao Kazimierz Kaszelewski, walitaka kuadhimisha miaka 1900 tangu kuzaliwa kwa Yesu. Vyuma vilitengenezwa Kraków, vikasogezwa kwa mikokoteni ya farasi hadi pale farasi walipokomea, na kutoka hapo vikabebwa na watu hadi kileleni. Msalaba una urefu wa mita 17.5, na mita 2.5 kati ya hizo zimezama ndani ya mwamba. Siku ile mimi nilikuwa na mkoba wenye maji, mkate na koti, na kila baada ya hatua mia nilikuwa natafuta jiwe la kukalia. Nikawa najiuliza mtu aliyebeba kipande cha chuma begani katika mteremko ule alipumzikia wapi.

Mchango wa tatu

Mimi sikuufikia, na naomba nisimulie hivyo hivyo. Tulikuwa wanne, mwezi wa Agosti, na tulichelewa kuondoka kwa sababu mmoja wetu alilala hadi jua likawa juu. Tulipofika Kondracka Przełęcz, mahali ambapo msalaba unaonekana karibu kiasi kwamba unaweza kuwahesabu watu waliouzunguka, tulisikia ngurumo moja ya mbali, kutoka upande wa Slovakia. Juu yetu anga lilikuwa bado buluu. Wenzangu wawili wakasema mvua iko mbali, na kwamba kwa mwendo wa haraka tungepanda na kushuka kabla haijafika. Bibi mmoja aliyekuwa anashuka alitutazama, akasema neno moja tu, „burza”, yaani dhoruba ya radi, akaendelea na safari yake bila kusimama.

Nilikataa kuendelea, na kwa nusu saa hakuna aliyenisemesha. Nilikuwa nimekumbuka tarehe 22 Agosti 2019, siku ambayo nayo ilianza kwa jua zuri, kisha radi ikapiga kileleni wakati wa mchana, kukiwa na watu wengi. Upande wa Poland walifariki watu wanne, wawili wao watoto, na mtu mwingine alifariki upande wa Slovakia; majeruhi walizidi mia moja. Umeme ule haukuishia msalabani, bali ulitembea kwenye minyororo ambayo watu walikuwa wameishikilia. Anayesubiri kwenye foleni aliyoieleza ndugu yetu hapo juu, akiwa na chuma mkononi, hana pa kukimbilia hata akitaka. Mvua ilitukuta Hala Kondratowa, na nilipogeuka kutazama, mlima wote ulikuwa umefunikwa. Yule aliyechelewa kuamka ndiye aliyevunja ukimya, akauliza kama kuna mtu aliyebakiwa na mkate.

Mchango wa nne

Nikiunganisha na hayo, dawa ya foleni na ya radi ni moja: kuwahi. Msifikirie kupanda usiku ili kuliona jua likichomoza, kwa sababu kanuni za Hifadhi ya Taifa ya Tatra, ambamo Giewont umo, haziruhusu kutembea njiani gizani kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Novemba. Mimi nilianza kulipopambazuka, mwezi wa Septemba, siku ya Jumatano. Wakati wa kurudi nilishukia njia nyekundu ya bonde la Strążyska, ambayo ni ndefu na iliyatesa magoti yangu kwa siku mbili. Msimwige mtu yeyote anayeacha alama na kukatiza kwenye makorongo ya upande wa kaskazini akidhani anafupisha safari, kwani yanaonekana mepesi kutoka juu, lakini huishia kwenye majabali yaliyosimama wima.

Nilifika kileleni saa mbili na nusu asubuhi. Tulikuwa watu saba, chuma kilikuwa na umande, na mmoja wetu alikuwa akikifuta kwa kitambaa cha shingoni ili aegemee.