Je, eksirei ya panorama inatosha kupima taya lisilolingana?

Mwanafunzi wa uzamili
Wataalamu, nawasalimu. Utafiti wangu unahusu kutolingana kwa pande mbili za taya la chini, na nilikusudia kulinganisha urefu wa pande hizo kwa eksirei za panorama (picha moja bapa inayoonyesha meno na taya zote) zilizokwisha kuhifadhiwa. Nilipopitia picha mbili za mgonjwa mmoja, zilizopigwa kwa kupishana wiki moja tu, ya kwanza ilionyesha upande wa kushoto kuwa mrefu zaidi, ilhali katika ya pili pande zote zilikaribiana. Je, niendelee nazo?

Mtaalamu wa radiolojia
Kilichobadilika ni mkao wa kichwa. Mgonjwa akigeuka kidogo tu, upande mmoja wa taya husogelea chanzo cha mionzi na kutoka mkubwa kuliko ulivyo, na wa pili hupungua. Vipimo vya ulalo ndivyo vinavyoharibika zaidi; vya wima huhimili kiasi, ila mimi nisingejengea utafiti juu yake. Tafuta skani za CT za miale ya koni, ambazo hutoa umbo la pande tatu kwa ukubwa halisi. Nakusihi utumie zilizopigwa tayari kwa sababu za matibabu, kwa kuwa mionzi yake kwa kawaida huzidi ya panorama na si haki kumwongezea mtu mionzi kwa ajili ya takwimu zetu.

Daktari wa mpangilio wa meno
Naafiki, lakini hata ukiwa na skani nzuri litabaki swali gumu zaidi: katikati ya uso ni wapi? Wengi huchora bapa la katikati kwa kupitia nukta chache za fuvu, na nukta moja ikiwekwa vibaya, au fuvu lenyewe likiwa limepinda, kosa hilo huhamia kwenye kila kipimo cha kidevu. Ninapendelea kuigeuza taswira nzima kama kioo kinavyogeuza, kisha kuilaza juu ya ile ya awali kwa kuoanisha msingi wa fuvu, ili tofauti za taya zijitokeze zenyewe. Kabla ya hayo yote, mtazame mgonjwa anavyouma: wapo ambao meno yao yanapogusana husukuma taya pembeni, kidevu kikaonekana kimehama ilhali mifupa yenyewe inalingana.

Mwanafunzi wa uzamili
Ahsanteni sana. Na nitajuaje kama upande mmoja bado unaendelea kukua?

Mtaalamu wa radiolojia
Skani moja ya CT haiwezi kukuambia hilo, kwa sababu huonyesha umbo la siku ile tu. Hutumika skani ya mifupa ya SPECT, inayoonyesha jinsi mfupa unavyovuta dawa ya mionzi yenye teknishiamu-99m, na tofauti ya uvutaji ya asilimia 10 au zaidi baina ya vichwa viwili vya taya (ncha zake za juu kwenye kiungo na fuvu), yaani 55 kwa 45, kwa kawaida huchukuliwa kuwa dalili ya ukuaji. Hata hivyo, uvimbe wa kiungo nao huvuta dawa hiyo, kwa hiyo linganisha matokeo na picha za uso na vipimo vya meno vilivyochukuliwa kwa miezi kadhaa.